Nkosi Johnson: Alipewa miezi 9, akatumia miaka 10

Tarehe 9 Julai mwaka 2000, katika uwanja wa kriketi wa Kingsmead mjini Durban, mtoto wa miaka 11 alipanda jukwaani akiwa amevaa suti nyeusi iliyomzidi mwili na raba miguuni. Mbele yake walikuwepo maelfu ya wanasayansi, madaktari, mawaziri, wanaharakati na waandishi wa habari waliofika kuhudhuria ufunguzi wa Mkutano wa 13 wa Kimataifa wa Ukimwi, wa kwanza kufanyika barani Afrika. Mtoto huyo alizungumza kwa dakika chache tu. Wengi waliokuwepo walitokwa na machozi, na siku ya pili jina lake lilikuwa katika magazeti ya dunia nzima.

Alizaliwa akaitwa Xolani Nkosi. Dunia ilimjua kama Nkosi Johnson. Ni zaidi ya miaka 20 sasa tangu afariki, na wasomaji wetu walio vijana huenda hawajapata kulisikia jina lake. Tunamrejea leo kwa sababu maisha yake mafupi yanagusa jambo ambalo kila mtu analijua na karibu kila mtu analikwepa: kwamba tutakufa, na kwamba hatujui tuna muda gani. Yeye aliambiwa ana muda gani. Tunachotaka kukitazama ni alichoufanyia muda huo.

Nkosi alizaliwa tarehe 4 Februari 1989, tayari akiwa na virusi vya ukimwi alivyovipata kwa mama yake, Daphne Nkosi. Baba yake hakumjua. Alipokuwa na umri wa miaka 2 alikuwa akiishi katika kituo cha kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi mjini Johannesburg, kwa kuwa mama yake, ambaye naye alikuwa mgonjwa na hana kitu, aliogopa majirani wakigundua hali yao watawafukuza. Madaktari walikadiria kuwa mtoto amebakiwa na miezi 9. Kituo kikaishiwa fedha, kikafungwa. Mmoja wa wakurugenzi wake, Bibi Gail Johnson, mama wa Kizungu aliyekuwa akifanya kazi ya uhusiano wa umma, akaamua kumchukua mtoto nyumbani kwake. Ilikuwa mwaka 1992.

Miezi 9 ikapita. Ukapita mwaka, ikapita miaka. Mama wawili, yule aliyemzaa na yule aliyemlea, wakamshirikiana, na Daphne akawa anakuja kumtembelea kila alipoweza.

Mwaka 1997 jambo dogo likazua kishindo kikubwa. Bibi Johnson alikwenda kumwandikisha Nkosi darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyopo mtaa wa Melville, Johannesburg, na katika fomu hakuificha hali yake. Shule ikasita kumpokea, wazazi na walimu wakagawanyika, habari ikafika hadi bungeni. Katiba mpya ya Afrika Kusini ilikuwa imekataza ubaguzi, na hatimaye Nkosi akapewa kiti darasani. Mwaka 1999 serikali ikatoa sera ya taifa inayozuia shule kumkataa mtoto kwa sababu ya virusi vya ukimwi.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Elimu ni kitu kinacholipa polepole kuliko vyote. Mtoto anayeanza darasa la kwanza anawekeza kwa ajili ya mtu mzima atakayekuwepo miaka 15 au 20 baadaye. Nkosi, kwa hesabu za madaktari, alikuwa amepitisha siku yake ya kufa miaka 5 nyuma, na bado alitaka kwenda shule, ajifunze kusoma na kuandika, acheze na wenzake uwanjani. Tumezoea kusikia kwamba mtu akijua mauti yamekaribia, ama anakata tamaa na kulala akisubiri, ama anaanza kukimbia huku na huko akitaka kumaliza kila jambo. Huyu hakufanya hivi wala vile. Aliishi siku za kawaida, za daftari na kalamu, na nadhani zetu ni kuwa hilo ndilo lililowashangaza watu wazima kuliko maneno yoyote aliyoyasema baadaye.

Mwaka huohuo wa 1997 mama yake mzazi alifariki, akiwa Newcastle, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Nkosi alipelekwa mazikoni, akaliona jeneza likishushwa kaburini.

Msiba huo ndio uliompa kazi. Nkosi alikuwa ametenganishwa na mama yake kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mahali ambapo mama mgonjwa na mtoto mgonjwa wangeweza kukaa pamoja bila kufukuzwa. Hivyo yeye na mama yake mlezi wakaanza kutafuta fedha kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo. Mwaka 1999 ikafunguliwa Johannesburg, ikaitwa Nkosi's Haven, maana yake kimbilio la Nkosi, ikapokea akina mama wenye virusi pamoja na watoto wao. Alikuwa na miaka 10.

Basi turudi Durban. Ili kuelewa uzito wa jioni ile, ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambalo Durban ni mji wake mkubwa, uchunguzi wa kliniki za serikali wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wajawazito 36 katika kila 100 walikuwa na virusi. Mwaka mmoja kabla, utafiti uliofanywa Kampala, hapa kwetu Afrika Mashariki, ulikuwa umeonyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, na dozi moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa, vinapunguza maambukizi kwa karibu nusu. Gharama yake ilikuwa dola chache tu. Hata hivyo Rais wa Afrika Kusini wakati huo, Thabo Mbeki, alikuwa amewaalika katika jopo lake watu waliokanusha kwamba virusi ndivyo vinavyosababisha ukimwi, na serikali yake ilitilia shaka usalama wa dawa. Siku chache kabla ya mkutano, wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban kuthibitisha kile ambacho wenzao duniani walikuwa wakikijua tangu miaka ya 1980.

Rais Mbeki alihutubia ufunguzi huo, akauweka mkazo kwenye umaskini. Kisha akaja Nkosi. Alieleza maisha yake kwa maneno ya mtoto: mama yake, kituo, shule, mazishi. Akaiomba serikali iwape wajawazito dawa ya AZT ili watoto wasizaliwe na virusi. Akaomba watu wasiwaogope wagonjwa. Vyombo vya habari viliripoti kuwa Rais aliondoka kabla mtoto hajamaliza.

Kwa maoni yetu, tofauti iliyoonekana pale uwanjani haikuwa ya elimu tu. Ilikuwa tofauti ya namna mbili za kuutazama muda. Serikali ilitaka muda zaidi: wa kuchunguza, wa kujadili, wa kufanya majaribio katika vituo 18 nchi nzima. Aliyebakiwa na muda mchache kupita wote aliomba jambo moja, linalowezekana, na ambalo yeye binafsi lisingemsaidia chochote kwa sababu alikwisha kuzaliwa.

Jambo jingine alilolisema hatukulisahau. Alieleza angependa kufanya nini akiwa mkubwa: kuzunguka nchi nzima akiwafundisha watu kuhusu ukimwi, iwapo mama Gail angemruhusu. Alikuwa anajua. Na bado alisema akiwa mkubwa.

Wasomaji wa Uganda watakuwa wameshamkumbuka Philly Lutaaya. Mwanamuziki huyo alikuwa akiishi uhamishoni Sweden. Mwaka 1989 akatangaza hadharani kuwa ana ukimwi, akarudi nyumbani, na nguvu zilizobaki akazimaliza mashuleni na makanisani akiwaonya watu. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Sisi tulio ughaibuni tunayajua maisha yanayoahirishwa: tutajenga tukirudi, tutaoa tukirudi, mzee tutakwenda kumwona hali ikitulia. Lutaaya hakungoja hali itulie. Lakini alikuwa mtu mzima, mwenye jina na mashabiki. Nkosi alianza akiwa hana hata jina.

Mwishoni mwa Desemba 2000, miezi 5 tu baada ya Durban, alianguka akiwa nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Hakuweza tena kuzungumza, akabaki kitandani karibu nusu mwaka. Alifariki tarehe 1 Juni 2001, akiwa na miaka 12. Wakati huo alihesabiwa kuwa ndiye mtoto aliyeishi muda mrefu kuliko wote nchini humo miongoni mwa waliozaliwa na virusi. Alizikwa Johannesburg, maelfu ya watu wakihudhuria.

Dawa aliyoiomba ilikuja kwa njia ya mahakama. Shirika la wanaharakati la Treatment Action Campaign liliishitaki serikali, likashinda mjini Pretoria mwezi Desemba 2001, serikali ikakata rufaa, na tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru wajawazito wenye virusi wapewe nevirapine katika hospitali za umma. Mpango wa kugawa dawa za kupunguza makali kwa wagonjwa wote ulianza mwaka 2004. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kuwa ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Mwaka 2005 Nkosi alitunukiwa, baada ya kufa, Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto, na Bibi Johnson akaipokea kwa niaba yake. Fedha za tuzo, dola 100,000, zilikwenda kwenye nyumba ile ya akina mama na watoto.

Mwezi Julai 2016 mkutano wa kimataifa wa ukimwi ulirudi Durban. Kufikia wakati huo, kwa vipimo vya watoto wachanga nchini Afrika Kusini, waliokuwa wakipata virusi kutoka kwa mama zao walikuwa chini ya 2 katika kila 100.