Ole Evinrude, Fundi wa Injini ya Mashua

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za wafalme, wasafiri na watu wenye elimu kubwa. Leo napenda kuwasimulia maisha ya fundi. Jina lake ni Ole Evinrude. Wengi wa kando ya Ziwa Viktoria wameliona jina hilo juu ya injini za mashua, wakadhani ni jina la kiwanda tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, na habari zake zina mafundisho kwetu sisi tunaosafiri majini.

Evinrude alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877 katika nchi ya Norwei, karibu na mji wa Gjøvik. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, wazazi wake walihamia Marekani, wakapata shamba karibu na mji mdogo wa Cambridge katika jimbo la Wisconsin. Jirani na hapo palikuwa na ziwa liitwalo Ripley. Baba yake alitaka mwanawe awe mkulima, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika vyombo na mashine. Husimuliwa kwamba alijenga mashua kwa siri, na baba yake alipoigundua akaichoma moto. Kijana hakubishana naye. Alianza nyingine, akaificha vizuri zaidi, na hata ilipokwisha ikaenda majini, baba mwenyewe akakubali kwamba mtoto huyu si wa jembe.

Masomo yake ya darasani yalikuwa machache. Alipopata umri wa miaka kumi na sita alikwenda mji wa Madison kufanya kazi katika karakana ya mashine. Mchana alifanya kazi ya mikono, na usiku alisoma vitabu vya ufundi na hesabu peke yake. Baadaye alifanya kazi katika viwanda vya chuma huko Pittsburgh na Chicago, kisha akafika Milwaukee. Huko alikuwa fundi wa kuchonga vigezo vya mbao, yaani vile vinavyotumika kutengenezea kalibu za kumiminia chuma. Ni kazi ya mtu mwangalifu, kwa sababu kosa dogo la mbao huwa kosa la chuma.

Mwaka 1900 alianza biashara ya kutengeneza injini pamoja na mwenzake, lakini ushirika ule haukudumu. Alijaribu tena na wengine, nao wakaachana. Wakati huo alifahamiana na msichana jirani, Bess Cary, aliyekuwa akijifunza kazi za ofisi na ambaye alimsaidia kuandika barua zake. Walioana mwaka 1906, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Ralph.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa kila anapotajwa Evinrude. Siku moja ya joto kali walikwenda na rafiki zao kutembea katika ziwa la Okauchee, si mbali na Milwaukee. Bess akatamani aiskrimu. Ole akaingia katika mashua, akapiga makasia mpaka ng'ambo, akanunua, akageuka kurudi. Jua lilikuwa kali na njia ndefu, na alipofika aiskrimu ilikuwa imeyeyuka. Hapo ndipo alipoanza kufikiri juu ya injini ndogo ya kusukuma mashua ya makasia.

Tusidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kabisa kuwaza jambo hilo. Mfaransa Gustave Trouvé alikuwa amekwisha kuendesha mashua kwa mota ya umeme mwaka 1881, na Mmarekani Cameron Waterman alianza kuuza injini zake kabla ya Evinrude. Sifa ya Evinrude ni kwamba alitengeneza injini ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua, kuitumia na kuitunza. Ile aliyoanza kuiuza mwaka 1909 ilikuwa na silinda moja na nguvu ya farasi mmoja na nusu. Uzito wake ulikuwa ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na bei yake dola 62. Iliwashwa kwa kuzungusha gurudumu zito la juu kwa mkono. Ilishikwa na skrubu nyuma ya mashua, na mhimili mrefu ulishuka mpaka majini, ambako gia ndogo ziliizungusha rafadha.

Hapo pana jambo kubwa. Injini nyingi za mashua wakati ule zilifungwa ndani ya chombo, na mwenye chombo hakuweza kuzitoa kwa urahisi. Evinrude aliiweka injini nje. Safari ikiisha, mwenyewe hulegeza skrubu, huiinua, na kuichukua nyumbani. Basi tangu siku hizo injini haikuwa tena mali ya bandari na mafundi wa bandarini peke yao. Iliingia katika nyumba ya mvuvi, na kazi ya kuitunza ikawa ya mvuvi mwenyewe.

Inasemekana rafiki mmoja aliazima injini ile kwa siku moja, akarudi na maombi ya watu kumi waliotaka kununua. Ole alishughulika na karakana, na Bess akashika barua, hesabu na matangazo. Tangazo lake la kuwaambia watu watupe makasia yao lilileta barua nyingi sana. Injini nyingi ziliuzwa pia kwa wavuvi wa Skandinavia, kule alikozaliwa Ole.

Lakini kazi ile ilimchosha Bess, na afya yake ikaharibika. Ndipo Ole alipofanya jambo ambalo wafanyabiashara wachache wangelifanya. Mwaka 1914, biashara ikiwa inastawi, alimwuzia mshirika wake Chris Meyer sehemu yake ya kampuni, pamoja na haki ya jina lake. Tena akaahidi kutoshindana naye kwa muda wa miaka mitano. Akamchukua mkewe na mtoto, wakasafiri Marekani ili Bess apumzike.

Muda ule wote mawazo yake hayakupumzika. Alichora injini mpya yenye silinda mbili na nguvu za farasi watatu, akatumia aluminiamu mahali pengi badala ya chuma. Ingawa nguvu yake ilikuwa maradufu, uzito wake ulikuwa ratili 48 tu, kama kilo 22. Miaka ya ahadi ilipokwisha, alimpelekea Meyer mpango huo kwanza. Meyer akakataa. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ole na Bess walianza upya na kampuni iitwayo Elto, bila ya jina la Evinrude, kwa maana jina lilikuwa limeuzwa. Injini nyepesi ikawavutia wanunuzi, na mwaka 1929 kampuni ya Elto, ile ya Evinrude na nyingine ya Lockwood zikaunganishwa, na Ole akawa mkuu wao. Hivyo akalirudia jina lake.

Bess alifariki mwaka 1933. Ole naye akamfuata tarehe 12 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 57, na Ralph akashika kazi. Kampuni iliyotokana na kazi yao ilifilisika mwaka 2000, ikanunuliwa na wengine, na mwaka 2020 utengenezaji wa injini za Evinrude ukakomeshwa. Lakini injini za kupachika za viwanda vingine, zilizofuata mpango uleule, zinasukuma mashua katika maziwa yetu yote.

Sasa tujiulize: je, sisi tunaifanya ile kazi aliyotuachia? Injini ikizimika barabarani, abiria hushuka na kutembea kwa miguu. Ikizimika katikati ya ziwa wakati wa dhoruba, hakuna pa kushukia wala fundi wa kuitwa. Ukaguzi lazima ufanyike nyumbani, na hauhitaji elimu kubwa.

Kwanza, kabla ya kugusa rafadha, zima injini na uvue waya wa plagi, isije ikawaka mkononi. Vua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi kwa masizi au imelowa mafuta, isafishe na uikaushe, na iliyokwisha kulika ibadilishe. Chuja petroli unapoimimina, kwa maana tone la maji latosha kuzima injini. Kama ni injini ya kuchanganya oili na petroli, fuata kipimo cha kitabu chake, wala usikisie kwa macho. Oili ikipungua, pistoni hukwama.

Pili, tazama rafadha. Uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye mhimili hukata mpira wa kuzuia maji. Legeza skrubu ya chini ya sanduku la gia, utoe oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Katika injini nyingi ndogo kuna pini laini inayokatika rafadha ikigonga mwamba, ili gia zisivunjike. Chukua pini ya akiba na koleo katika kila safari.

Tatu, usiiwashe injini pakavu hata kidogo, kwa sababu pampu yake hupozwa na maji inayoyavuta. Iwashe katika pipa la maji safi, uangalie kama maji yanatoka kwa nguvu katika tundu lake. Yasipotoka, zima mara moja, utafute magugu au matope yaliyoziba njia. Wenzetu wa pwani watumiao maji ya chumvi wafanye hivyo kila warudipo. Mwisho, kaza skrubu zinazoishika mashuani, na uifunge kwa kamba imara.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Evinrude alipunguza uzito wa injini ratili kwa ratili, ili mtu aweze kuibeba mpaka nyumbani kwake. Itakuwa aibu kama tukiibeba na kuiweka pembeni bila kuitazama. Likizo hii, kila mwenye mzazi au mjomba mwenye mashua amwombe ruhusa, alete pipa la maji na kitambaa safi, aikague injini kabla watu hawajapanda.