Kawabata: Yatima aliyeiletea Japani Nobel ya kwanza ya fasihi

KILA ifikapo Oktoba, wapenzi wa fasihi hutega masikio kusikia ni nani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwa miaka mingi Wakenya walilingojea jina la Ngugi wa Thiong'o, aliyeaga dunia mwaka 2025 bila kuipata. Huu basi ni msimu mwafaka wa kumfahamu Yasunari Kawabata, aliyeshinda mwaka 1968 kwa riwaya alizoziandika kwa Kijapani, lugha ya mama.

Kawabata alizaliwa Osaka mwaka 1899. Alifiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka mitano. Nyanya aliyemlea akafariki, dadake akafuata, na mwaka 1914 akamzika babu yake aliyekuwa amepofuka. Upweke huo haukumtoka, na umetanda katika takriban kila alichokiandika.

Alihitimu chuo kikuu jijini Tokyo mwaka 1924, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha jarida la fasihi. Hadithi yake kuhusu mwanafunzi na msichana mcheza ngoma wa Izu ilimpa jina mwaka 1926. Riwaya yake mashuhuri, Yukiguni, yaani Nchi ya Theluji, ilianza kutoka vipande vipande majaridani mwaka 1935. Aliendelea kuipogoa na kuiongezea hadi ikakamilika baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Hata hivyo, sifa hizo zingeishia visiwani mwa Japani lau Mmarekani Edward Seidensticker hangeitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1956. Kawabata mwenyewe alikiri kwamba nusu ya tuzo ilikuwa haki ya mtafsiri huyo.

Mwaka 1970 alimpoteza Yukio Mishima, mwandishi aliyemwinua tangu ujanani. Mnamo Aprili 1972, Kawabata alipatikana amefariki mjini Zushi kwa kuvuta gesi. Hakuacha waraka wowote, na wapo wanaoamini ilikuwa ajali.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitwaa Nobel kwa kazi za Kiingereza. Hadi leo hakuna riwaya ya Kiswahili iliyomfikisha mtunzi wake huko, na zilizotafsiriwa ni chache mno. Wahenga walinena kuwa chema chajiuza. Maisha ya Kawabata yanatufunza kwamba hata chema huhitaji wa kukivusha bahari.