Al-Jazari: Mhandisi ambaye maandishi yake bado yanajenga mashine

Unanunua pampu ya kumwagilia, unafika nyumbani, karatasi ya maelekezo haieleweki. Pampu inabaki kwenye boksi na mahindi yanakauka. Je, aliyeandika karatasi ile ni mhandisi, au ni mwandishi tu? Tuangalie maisha ya Ismail al-Jazari, aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Al-Jazari alitoka eneo la Jazira, kati ya mito ya Tigris na Euphrates. Alifanya kazi Diyarbakir, mji ambao leo uko Uturuki. Kwa miaka 25 hivi aliwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq, akiwatengenezea saa za maji, vyombo vya kunawia vinavyojiendesha na mitambo ya kupandisha maji.

Kisha mtawala Nasir al-Din Mahmud akamtaka aandike kitabu. Alikimaliza mwaka 1206, kwa Kiarabu, kikiwa na mitambo 50.

Wengine walishaandika kuhusu mitambo kabla yake, lakini aliona baadhi ya maelezo yao hayakuwa yamejaribiwa kwa vitendo. Yeye alieleza kila kipande kinatengenezwaje, kina ukubwa gani na kinaungana wapi na kingine. Alichora picha, akaweka herufi kwenye sehemu za mtambo, kisha akazitaja herufi hizo katika maelezo ili fundi asipotee.

Mmoja wa mitambo hiyo ni pampu. Gurudumu linazungushwa na maji ya mto na kuendesha pistoni mbili: moja ikivuta maji, nyingine inayasukuma juu.

Mwaka 1976, saa yake kubwa ya maji ilijengwa upya kwenye Makumbusho ya Sayansi, London, kwa kufuata kitabu chake. Walioijenga hawakuwahi kuiona ile ya kwanza, lakini ilifanya kazi.

Si kila anayeandika ni mhandisi. Lakini maelekezo ya mashine hupimwa kama mashine yenyewe: mtu asiyekujua akiyafuata, kitu kinafanya kazi au hakifanyi? Kwa kipimo hicho, Al-Jazari alikuwa mhandisi hata aliposhika kalamu.

Nawe msikilizaji, kabla hujalipia pampu, omba karatasi yake uisome palepale dukani. Nayo ni sehemu ya mashine unayoinunua.