Mahmud al-Kashghari: Msomi aliyeziandika lugha za Waturuki

MWAKA jana nilikuwa darasani na vijana wa kidato cha tatu, tukizungumzia historia ya elimu katika Uislamu, nikawataka wanitajie wanazuoni wa lugha. Wakamtaja Sibawayh, wakamtaja Khalil bin Ahmad wa Basra, wakaishia hapo. Nikawaambia kuwa yupo mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika kamusi kubwa kwa Kiarabu lakini si kamusi ya Kiarabu, bali ya lugha za wafugaji wa farasi na ngamia wa Asia ya Kati. Kijana mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kazi hiyo ilikuwa na faida gani kidini. Kengele ikalia kabla sijamjibu, na swali lake nikaenda nalo nyumbani.

Swali lile, ndugu msomaji, si la kijana yule peke yake. Wapo miongoni mwetu, tena watu wazima wenye elimu, wanaoamini kuwa lugha zetu za asili pamoja na ngano, methali na nyimbo zake ni mabaki ya ujahili ambayo Muislamu mwema anapaswa kuyapa kisogo. Mtoto akisema Kiarabu anapigiwa takbira. Akitoa methali ya Kibondei au ya Kinyamwezi mbele ya wageni, mzazi anaona aibu. Na hali hiyo ipo ilhali Qur'an, katika Suratur-Rum, imezihesabu tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu (S.W.), na katika Surat Ibrahim imebainisha kuwa kila mtume alipelekwa na lugha ya watu wake.

Basi leo tumtazame Mahmud bin Husayn bin Muhammad, maarufu kwa jina la al-Kashghari, aliyeishi katika karne ya 11 Miladia.

Ukoo wake unahusishwa na watawala wa Kikarakhani, dola ya Waturuki iliyotawala Kashghar, Balasagun na miji mingine ya eneo ambalo leo limegawanyika kati ya China, Kirigizistani na majirani zake. Baba yake alikuwa na asili ya Barsghan, mji uliokuwa karibu na ziwa Issyk-Kul. Waturuki hao hawakuwa Waislamu wa siku nyingi. Mtawala wao Satuq Bughra Khan, aliyefariki mwaka 955, ndiye anayekumbukwa kuwa wa kwanza katika nyumba yao kusilimu, na wanahistoria wetu wameandika kuwa mwaka 960 watu wa mahema laki mbili wa Kituruki waliingia katika Uislamu kwa pamoja. Kwa hiyo Mahmud alizaliwa katika jamii ambayo babu wa babu zake walikuwa bado wakiliabudu anga. Hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Kuhusu mwaka aliozaliwa na walimu wake wa utotoni tusiseme mengi. Lililo wazi ni kwamba alitoka kwao na akasafiri sana. Mwenyewe anaeleza kuwa alizunguka miji na mbuga za Waturuki, akajifunza lahaja za makabila yao: Waoghuz, Waturkmani, Wachigil, Wayaghma, Wakirigizi na wengineo. Hakukaa mjini akingoja habari ziletwe na wapita njia, bali aliwafuata wenye lugha huko huko walikokuwa. Alikuwa mtu wa nasaba na mjuzi wa silaha, kwa maelezo yake mwenyewe, na angeweza kutafuta cheo katika jeshi lolote la zama zile. Yeye akakusanya maneno.

Baadaye tunamkuta Baghdad. Huko mambo yalikuwa yamebadilika. Waturuki wa Kiseljuki waliingia katika mji huo wa makhalifa mwaka 1055 chini ya Tughril Beg, na mwaka 1071 Alp Arslan akaishinda Rumi ya Mashariki katika vita vya Manzikert. Ghafla Waarabu na Waajemi waliokuwa wakiwaona Waturuki kama askari wa kununuliwa wakajikuta wanaomba haki zao mlangoni kwa Waturuki, wala hawajui hata kuwasalimia. Katika mazingira hayo, mwaka 1072 (464 H), Mahmud alianza kuandika Diwan Lughat at-Turk, yaani mkusanyiko wa lugha za Waturuki, kazi iliyomchukua miaka kadhaa na ambayo aliitabaruku kwa Khalifa al-Muqtadi wa Bani Abbas, aliyeshika ukhalifa mwaka 1075.

Katika utangulizi anaeleza kwa nini watu wajifunze Kituruki. Anataja Hadithi aliyoisikia kwa maimamu wawili, mmoja wa Bukhara na mwingine wa Nishapur, inayosema kuwa watu wajifunze lugha hiyo kwa sababu utawala wa Waturuki utakuwa mrefu. Hadithi hiyo haimo katika vitabu sita mashuhuri, na mwalimu yeyote wa Hadithi ataitilia mashaka. Lakini tazama uungwana wa mtu huyu. Dhamana ya usahihi wake anawaachia wapokezi, kisha anasema kwamba kama ni sahihi basi kujifunza ni wajibu, na kama si sahihi basi akili yenyewe inalidai jambo hilo. Hakuifanya dini kuwa ngao ya kujificha. Laiti baadhi ya wazungumzaji wa mihadhara yetu wangekuwa na nusu ya tahadhari hiyo!

Sasa tuingie ndani ya kitabu. Kina maneno zaidi ya 7,500, yaliyopangwa kwa mizani za sarfu ya Kiarabu, ili msomaji wa Baghdad ayatafute kama alivyozoea kutafuta maneno ya lugha yake. Alitamani kwanza kuufuata mpango wa Khalil katika Kitab al-Ayn, kutaja lililotumika na lisilotumika, kisha akaona ni bora kufupisha na kuandika yale tu yaliyo hai vinywani mwa watu. Anasema kuwa amedhamiria kuonyesha kuwa Kituruki kinakimbia sambamba na Kiarabu kama farasi wawili katika shindano. Kwa zama zile, na mbele ya wanazuoni wa Baghdad, hilo halikuwa jambo dogo kulisema.

Kinachonishangaza zaidi mimi ni usikivu wake. Anaeleza kuwa msafiri huitwa yelkin kwa Waturuki wengine, lakini Waoghuz na Wakipchak huidondosha ile sauti ya mwanzo na kusema elkin. Lulu ni yinchu kwa hawa, na ni jinchu kwa wale. Wapo wanaosema men kwa maana ya mimi, na wapo wanaosema ban. Anabainisha pia kuwa watu wa miji kama Balasagun na Taraz husema Kisoghdi na Kituruki kwa pamoja, na kwamba Kituruki safi zaidi kiko kwa asiyejua lugha nyingine wala hajachanganyika na watu wa mijini. Sisi wa Dar es Salaam tungemsikia tungenuna kidogo.

Lakini kitabu hiki kingekuwa orodha kavu tu kama asingeweka ndani yake uhai wa watu. Kila mara akitaja neno anatoa ushahidi wake kwa methali au shairi lililokuwa likisemwa. Zimo methali karibu 300 na tungo fupi zaidi ya 200, nyingi zake hazipatikani popote pengine. Yumo shujaa Alp Er Tunga, ambaye watu walikuwa wakimlilia kwa tenzi za maombolezo hata baada ya vizazi na vizazi. Zimo nyimbo za vita, za mapenzi, mabishano ya kipupwe na kiangazi. Zimo dawa, mavazi, michezo ya watoto na vyakula. Akifika kwenye tutmach, chakula cha tambi, anasimulia kuwa watu wa Dhul-Qarnayn walipozidiwa na njaa walimwomba asiwaache na njaa, na kutokana na maneno yao hayo chakula kikapata jina. Akifika kwenye kalenda ya Waturuki ya miaka kumi na miwili, anasimulia juu ya mfalme aliyewaswaga wanyama kuelekea mto Ili, wakavuka kumi na wawili, na kila mwaka ukapewa jina la mmojawapo kwa mpangilio waliovuka. Wa kwanza alikuwa panya.

Je, hadithi hizo ni za kweli? Bila shaka Mahmud alijua tofauti ya tarehe na ngano. Alichokifanya ni kuandika kile watu walichokuwa wakisimuliana.

Na hapa ndipo linapojibiwa swali la mwanafunzi wangu, na la wale wanaoogopa kuwa kuandika mila ni kuhuisha ushirikina. Akilifikia neno Tengri, anaeleza kuwa ni jina la Mwenyezi Mungu, kisha anaongeza kuwa makafiri wa Kituruki huliita anga kwa jina hilo hilo, na kila kitu kikubwa machoni mwao kama vile mlima au mti mkubwa, na huvisujudia. Anawalaani kwa upotofu huo. Ila hakuufuta. Aliandika jinsi ilivyokuwa, akatoa hukumu yake kama Muislamu, akaendelea na neno linalofuata. Vivyo hivyo kwa lile jiwe ambalo Waturuki waliamini linaleta mvua na theluji. Anasema aliliona likitumika kwa macho yake katika nchi ya Wayaghma, moto ulipokuwa umezuka wakati wa kiangazi. Imani yake haikutetereka kwa kuandika, na sisi leo tunajua mababu wa mamilioni ya Waislamu walikuwa wakiamini nini kabla ya nuru kuwafikia.

Aliweka pia ramani ya dunia ya mviringo ambayo katikati yake haiko Baghdad, bali Balasagun, nchi ya Waturuki, na upande wa mashariki wa mbali kimo kisiwa kinachochukuliwa kuwa ni Japani.

Hatima ya mwandishi haifahamiki vizuri. Watu wa Kashghar wanaamini kuwa alirejea kwao akafundisha hadi alipofariki, na kaburi linalonasibishwa naye liko Opal, kusini-magharibi ya mji huo. Hatima ya kitabu ndiyo ya kutisha. Mwaka 1258 Wamongoli waliivunja Baghdad. Miaka minane baadaye, mwaka 1266 (664 H), mwandishi wa nakala kutoka Sawa, aliyekuwa akiishi Damascus, alimaliza kuinakili Diwan kwa mkono, na anasema alinakili kutoka katika hati ya Mahmud mwenyewe. Ile ya Mahmud haijaonekana tena. Imebaki hiyo moja tu duniani. Wanazuoni wachache waliofuata, kama vile Katib Chelebi wa karne ya 17, walikitaja kitabu, kisha kikapotea machoni mwa watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kikatokea katika soko la vitabu la Istanbul. Mpenda vitabu mmoja, Ali Emiri, alikikuta kwa muuzaji, kurasa zimevurugika, kikiuzwa lira thelathini za dhahabu, na inasimuliwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha mfukoni, ikabidi akope haraka kwa hofu kuwa mwingine atamtangulia. Zamani kidogo kingeweza kuishia kufungia sukari. Kilisli Rifat akazipanga kurasa na kitabu kikachapishwa kwa juzuu tatu kati ya 1915 na 1917. Leo nakala ile iko katika Maktaba ya Millet, Istanbul, na mwaka 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Waturuki, Wauyghur, Wauzbeki, Wakazakhi, wote wanakirejea kutafuta maneno ya babu zao.

Kwetu Pwani tuna jambo la kufanana na hilo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki vifuani mwa watu kwa miaka mingi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyafafanua, kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na Diwani ikachapishwa mwaka 1940. Mjadala wa kwa nini ilihitajika karatasi ya mmisionari tuuache kwa leo, ingawa si mjadala mdogo.

Mimi mwenyewe nina deni. Bibi yangu mzaa mama, Mbondei wa Muheza, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia ngano kila jioni baada ya Isha, na katikati ya kila ngano kulikuwa na wimbo ambao sote tuliuitikia. Nimesoma chuo kikuu, nimejaza madaftari ya nahau na sarfu, na sikuandika hata ngano moja. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Likizo iliyopita nilikwenda kwa dada yake, mzee wa miaka themanini na kitu, nikiwa na daftari na simu ya kurekodia. Akakumbuka ngano nne. Nyimbo akakumbuka mbili, na mmoja kati ya hizo una neno ambalo yeye mwenyewe amesahau maana yake.

Mahmud naye aliandika kitabu cha pili, cha nahau ya Kituruki, alichokiita Jawahir an-Nahw. Anakitaja ndani ya Diwan. Hicho hakikufika soko la Istanbul, wala hakijaonekana mahali pengine popote hadi leo.