Beryl Markham: Msichana wa Njoro aliyeijua ndege yake nje ndani

Ukipanda matatu ya Lang'ata pale Railways, kabla hujafika Wilson utaona ndege ndogo zikishuka chini chini juu ya barabara. Wengi wetu tumezizoea, hata hatuinui macho kutoka kwa simu. Lakini miaka 90 na ushei iliyopita, ndege moja tu ikipita juu ya Nairobi ilikuwa stori ya wiki nzima. Na mmoja wa waliozirusha alikuwa mwanamke aliyelelewa Njoro, Beryl Markham.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902. Akiwa na umri wa miaka minne hivi alikuja Kenya. Mamake hakuyaweza maisha ya shamba, akarudi kwao na kaka yake Beryl. Msichana akabaki Njoro na babake, Charles Clutterbuck, aliyefuga na kufunza farasi wa mbio.

Basi Beryl akakua na watoto wa Kikalenjin waliokuwa wakiishi pale shambani. Aliongea lugha yao na Kiswahili, akajifunza kurusha mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye alipotoka jandoni aliitwa Arap Ruta. Tulishike hilo jina, tutalirudia.

Ukame ulipomfilisi babake, mzee alienda kutafuta maisha Peru. Beryl hakuwa hata amefika miaka 20, lakini alibaki na kujitafutia riziki kwa kufunza farasi wa mbio, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume.

Kisha ndege zikaja. Mwaka wa 1929, Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa mlowezi hapa, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, na huyo ndiye aliyemfundisha Beryl.

Usifikirie ndege kama zile za JKIA. Hizi zilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine kama ghorofa, yakishikiliwa na vijiti na waya. Bawa lilikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa kitambaa, halafu kitambaa kikapakwa dawa ya kukikaza. Injini moja, viti viwili, na upepo wote usoni. Ukimaliza safari unayakunja mabawa nyuma na kuisukuma ndege kwenye banda.

Uzuri wake ni kwamba mabawa mawili mafupi yaliyofungwa pamoja yalikuwa imara bila kuwa mazito. Tena fundi mwenye mkono mzuri angeweza kushona kitambaa kilichochanika au kubadilisha kijiti kilichovunjika. Ndiyo maana hadi leo wapo watu duniani wanaonunua vifaa vya ndege za aina hiyo na kujiundia yao nyumbani, kipande kwa kipande.

Lakini hazikuwa za mchezo. Mei 14, 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana na ambaye alikuwa akiishi katika ile nyumba ya Karen ambayo sasa ni makavazi, aliruka na ndege yake kutoka Voi. Ilianguka pale pale na kuwaka moto. Yeye na mfanyakazi wake, Kamau, walifariki. Beryl alikuwa amealikwa kwenye safari hiyo. Mwalimu wake, Black, ndiye aliyemsihi asiende.

Mwingine angeachana na ndege siku hiyo hiyo. Beryl? Mwezi uliofuata, Juni 1931, alipaa peke yake kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa 1932 aliiendesha ndege yake ndogo aina ya Avro Avian kutoka Kenya hadi Uingereza, peke yake, bila redio. Mwaka uliofuata akapata leseni ya urubani wa kibiashara, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Na leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kupaa na kutua tu. Ilibidi ufungue injini, usafishe njia za mafuta, ubadilishe plagi, kisha urudishe kila kitu mahali pake. Ukiharibikiwa katikati ya nyika, hakuna wa kumpigia simu. Fundi ni wewe.

Akaanza hustle yake: kubeba abiria, barua na mizigo, na kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Kazi hiyo ya mwisho leo ingemfikisha kortini, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977.

Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni, kuvuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpinga. Safari hii alitumia ndege mpya yenye bawa moja kila upande, Vega Gull, aliyoazimwa na John Carberry, mlowezi wa huku Kenya. Baada ya saa 21 na dakika 25 injini ilizima. Petroli ilikuwepo, lakini barafu iliziba njia ya hewa ya tangi. Alitua kwa nguvu kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka na jeraha la kichwa. Hakufika New York alikokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka kutoka Uingereza peke yake kwa upande huo. Wiki mbili baadaye, Black alifariki katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool.

Sasa turudi kwa Arap Ruta. Alikuwa na Beryl tangu Njoro, akamfuata Nairobi, akahama kutoka kutunza farasi hadi kutunza ndege. Lakini hii ilikuwa koloni. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, na viti vya mbele havikuwa vyake. Wawili walicheza pamoja utotoni; mmoja akawa rubani, mwingine akabaki chini akingoja ndege irudi. Ujasiri wa Beryl ulikuwa wa kweli. Mlango aliopitia pia ulikuwa wazi kwa wachache tu.

Mwaka wa 1942 alichapisha kitabu kuhusu maisha yake, kikasahaulika. Alirudi Kenya, akafunza farasi na kushinda sana, kisha uzeeni pesa zikamwishia. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka wa 1983, kilimwokoa. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na miaka 83. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ndogo pale uwanja wa farasi wa Ngong Road.

Leo mlango ni mpana zaidi, ingawa karo ya urubani bado inauma. Lakini kuna vijana wa Kenya ambao wamejaribu kujiundia ndege kwa vyuma na injini za kuokoteza, mtaa ukiwacheka. Kabla hujacheka, kumbuka mbao, waya na kitambaa. Na ndege ikipita juu ya Lang'ata, inua macho kidogo. Mfikirie Beryl, kisha umfikirie Arap Ruta.