Alois Alzheimer: Daktari aliyefichua siri ya ugonjwa wa kusahau

JINA lake hutajwa kila siku katika hospitali kote ulimwenguni, ila ni wachache wanaokumbuka kwamba Alzheimer alikuwa mtu kabla ya kuwa ugonjwa.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, jimbo la Bavaria, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka wa 1887 na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt.

Huko alikutana na Franz Nissl, aliyekuwa stadi wa kutia rangi vipande vya ubongo ili seli zionekane wazi chini ya hadubini. Wawili hao waliamini kuwa maradhi ya akili yana chanzo katika mwili, wala si laana au udhaifu wa tabia.

Mwaka wa 1901 ulikuwa mgumu kwake. Mkewe, Cecilie, alifariki na kumwachia watoto watatu. Alzheimer akazama katika kazi.

Mnamo Novemba mwaka huohuo, alipokea mgonjwa aliyebadilisha historia ya tiba. Auguste Deter alikuwa na umri wa miaka 51 pekee, lakini alikuwa amepotewa na kumbukumbu na kumshuku mumewe bila sababu.

Daktari alipomwomba aandike jina lake, alianza kisha akasahau lililobaki. Siku moja alipoulizwa alichokuwa akila, alijibu kuwa ni mchicha, ilhali sahani yake ilikuwa na nyama ya nguruwe na koliflawa.

Alzheimer alihamia Heidelberg na baadaye Munich, alikofanya kazi chini ya Profesa Emil Kraepelin. Hata hivyo, hakumsahau mgonjwa wake. Auguste alipofariki Aprili 1906, aliomba atumiwe ubongo wake.

Aliukuta umesinyaa. Kwa kutumia mbinu mpya ya kutia rangi kwa madini ya fedha, aliona mabonge ya uchafu yaliyotanda baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe.

Novemba 3, 1906, aliwasilisha matokeo hayo kwa madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Ni Kraepelin aliyeupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mwaka wa 1910.

Mwaka wa 1912, Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo ni Wroclaw, Poland. Aliugua akiwa safarini na hakupona kabisa. Alifariki Desemba 19, 1915, akiwa na umri wa miaka 51, sawa na wa Auguste alipolazwa. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe.

Kazi yake ilieleweka vyema baada ya miongo mingi. Miaka ya 1980, wanasayansi walitambua kwamba mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na zile nyuzi ni za protini ya tau. Protini hizo zinapoharibika umbo na kurundikana, mawasiliano ya seli huvurugika na hatimaye seli hufa.

Dawa za kuondoa amiloidi zimeidhinishwa katika baadhi ya mataifa, ikiwemo Marekani mwaka wa 2023. Hata hivyo, hupunguza tu kasi ya ugonjwa katika hatua za mwanzo, haziuponyi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 57 waliishi na dimenshia mwaka wa 2021, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer.

Humu nchini, mzee anayesahau njia ya kwake au majina ya wanawe bado hudhaniwa amerogwa, na wakati mwingine yeye mwenyewe hushukiwa kuwa mchawi. Zaidi ya karne moja iliyopita, hadubini ya Alzheimer ilionyesha kuwa mtu kama huyo ni mgonjwa, naye anastahili kutunzwa.