Askofu Steere na Hadithi za Unguja

Ninyi watoto wa Kamanyola mnaijua shida ya lugha kuliko watoto wengi. Nyumbani wengine husema Mashi, wengine Kifuliru. Sokoni mnasikia Kinyarwanda na Kirundi, maana Ruzizi ni mpaka, na nchi tatu zinakutana hapo karibu. Shuleni kuna Kiswahili, kisha Kifaransa. Na ng'ambo ya mto, kule Bugarama, kuna Kiingereza, kwa kuwa serikali ya Rwanda ilikata shauri mwaka 2008 kwamba shule zao zifundishe kwa lugha hiyo. Basi someni habari za mtu aliyefundisha watoto wasiosikilizana kabisa wao kwa wao, naye mwalimu hakusikilizana nao. Mtu huyo alitumia hadithi.

Jina lake Edward Steere. Alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria akawa mwanasheria, lakini kazi ile haikumpendeza. Alipenda kazi za mikono, akajifunza mwenyewe kupiga chapa vitabu. Baadaye akawa padre wa Kanisa la Anglikana, akachunga watu wa kijiji kidogo katika jimbo la Lincolnshire. Rafiki yake Tozer alipofanywa askofu wa misioni ya Afrika ya Kati mwaka 1863, Steere alifuatana naye. Kwanza walifika upande wa mto Shire, lakini watu wa misioni walikuwa wamekwisha kufa wengi kwa homa. Kwa hiyo mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Siku zile mji wa Unguja ulikuwa na soko la watu. Waliletwa kutoka nchi za ndani, wengine kutoka nchi za Maziwa Makuu, wakapangwa mistari, wakubwa kwa wadogo, wakatazamwa meno na mikono kama ng'ombe. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Sultani Majid naye aliwapa wageni hawa wavulana watano waliotolewa katika jahazi moja. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misioni ile. Mapadre wetu wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Unguja tayari, nao walilea watoto wa namna hiyo, na mwaka 1868 wakafungua misioni ya Bagamoyo.

Fikirini wavulana wale. Wamechukuliwa mbali na mama zao, wamevushwa bahari gizani chini ya sitaha, na sasa wamesimama mbele ya Wazungu wenye mavazi marefu. Kuna nini cha kuwaambia? Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Kiswahili walikijua kidogo tu, na Steere hakukijua. Padre Krapf wa Mombasa alikuwa ameandika sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, lakini aliandika Kiswahili cha Mombasa, nacho hakilingani na cha Unguja.

Steere aliona kwamba kabla ya kuwa mwalimu imempasa awe mwanafunzi. Akaketi na watu wa mji, akawauliza majina ya vitu, akaandika. Lakini majina ya vitu hayatoshi kumfanya mtu aseme. Ukijua chungu, mlango na samaki, bado hujui kusema kwamba samaki ameteleza kutoka chunguni na kukimbilia mlangoni. Ndipo akaanza kuwaomba watu wamsimulie hadithi. Wakamsimulia za sungura na fisi, za masultani, za majini, za paa mwenye akili. Naye akaziandika kama zilivyotoka kinywani.

Mojawapo ni hadithi ya Mwalimu Goso, nayo ni hadithi ya shule. Goso alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta aliyelitupa. Wakaushika upepo wa kusi wakaupiga. Upepo ukawaambia kwamba kama ungekuwa na nguvu hizo usingezuiwa na ukuta. Wakaenda kwa ukuta, nao ukasema kwamba hutobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe. Ng'ombe akamtaja mdudu amsumbuaye, na mdudu akamtaja paa amlaye. Paa alipoulizwa, akanyamaza kimya, hapo wakajua.

Hebu itazameni hadithi hii vizuri, maana ina siri ya mwalimu ndani yake. Swali ni lile lile kila mara, na jibu lina umbo lile lile. Neno moja tu linabadilika. Mtoto asiyejua lugha akisikia mara ya kwanza, haelewi. Mara ya tatu anaanza kuotea. Mara ya sita anamtangulia msimulizi. Hakuna aliyemkaririsha sarufi, lakini sarufi imekwisha kumwingia. Ndivyo bibi zetu walivyotufundisha kusema, jioni karibu na moto, nao hawakujiita walimu.

Steere aliivusha kazi hii upande wa pili pia. Huko Uingereza Charles Lamb na dada yake Mary walikuwa wamefupisha michezo ya Shakespeare mwaka 1807, wakaifanya hadithi nyepesi za kusomwa na watoto. Steere alichagua nne akazitia katika Kiswahili. Kitabu hicho, Hadithi za Kiingereza, kilipigwa chapa Unguja kwenye misioni mwaka 1867. Mna habari ya mfalme mzee aliyewagawia binti zake nchi yake yote, kisha wawili wakamfukuza. Mna na ile ya tajiri aliyekopesha fedha, akataka kulipwa kwa ratili moja ya nyama ya mwili wa mdeni wake.

Waliofanya kazi chapani walikuwa vijana wa misioni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: herufi ndogo za risasi hupangwa moja moja kwa vidole, nazo zimegeuka kinyume kama sura ndani ya kioo, hupakwa wino, kisha karatasi hugandamizwa juu yake. Mpangaji akikosa herufi moja, neno zima huharibika. Asomaye kwa vidole namna hiyo hasahau upesi. Na vijana waliopanga herufi za hadithi ya ratili ya nyama waliijua maana ya mtu kuwekewa bei.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, na mwaka 1870 akatoa vitabu viwili London. Kimoja ni kitabu cha kujifunza Kiswahili. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili, na unaoelekeana nao Kiingereza. Mwingereza aliweza kuanzia kulia akavuka kwenda kushoto. Mtoto wa Unguja aliweza kuanzia kushoto, kwa hadithi aliyoijua tangu utoto, akavuka kwenda Kiingereza bila kupotea, kwa kuwa anajua sungura atafanya nini. Tena juu ya kitabu Steere aliandika wazi kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Wageni wengi wa siku zile hawakukumbuka kufanya hivyo.

Alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa, na mahali pale pale Steere akaanza kujenga kanisa kubwa kwa mawe ya matumbawe. Mwaka 1874 alifanywa askofu. Watu huenda Unguja kulitazama kanisa hilo hata leo, nalo ni zuri. Lakini mimi naona kitabu cha hadithi ni jengo kubwa zaidi. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa lake.

Shule ya wavulana ya misioni ilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Baada ya kifo chake mwalimu mmoja wa huko, Madan, aliwaambia wanafunzi waandike, na safari hii si habari za sungura wala za masultani. Waliandika habari zao wenyewe: kijiji alichozaliwa kila mmoja, usiku alioshikwa, njia ndefu ya kwenda pwani, na jahazi. Madan akazitafsiri kwa Kiingereza, na kitabu chao kikatoka London mwaka 1887.